Kungwi Aliyehamia Upande wa Wanaume

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Mwenyewe hakupenda litajwe, na katika miaka yote niliyomjua sikumsikia mtu wa Kisarawe akimwita kwa jina isipokuwa kaka yake, tena siku moja tu, walipogombana. Sisi wengine tulimwita Kungwi. Walikuwapo makungwi wengine watatu au wanne pale mjini, nao waliitwa kungwi wa fulani au kungwi wa mtaa fulani. Yeye alikuwa Kungwi basi, na hakuna aliyeuliza ni yupi.

Kwa asiyejua desturi yetu ya wakati ule, nieleze kidogo. Msichana akishaposwa alitawishwa. Aliingizwa chumba cha ndani, hatoki mchana, haonwi na wanaume, na kungwi wake akamfundisha adabu ya wakwe, mambo ya unyumba, hata namna ya kukaa na kuinuka. Siku ya kutoka haikupangwa na baba wala na mume. Kungwi ndiye aliyesema mwali ameiva, na asiposema, ngoma haipigwi. Baba angeweza kununua mbuzi wawili na kualika watu mpaka wa Dar es Salaam. Bila neno la kungwi, wageni wangekula mbuzi wale na kurudi makwao.

Kungwi wetu alikuwa mfupi, mwembamba, na mwendo wake ulikuwa wa haraka, kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Hakula papai, wala hakusema kwa nini. Aliogopa mijusi kuliko alivyoogopa nyoka. Sisi wasichana alitukataza kucheka kwa sauti, akasema mwanamke acheke mpaka kwenye meno, asipite hapo. Yeye mwenyewe akicheka alisikika mpaka sokoni. Ukimkumbusha sheria yake anakuuliza, "Kwani mimi nimeposwa?"

Somo lake la kwanza kwa kila mwali lilikuwa mikono. "Macho yanadanganya," alisema, "mdomo ndiyo usiseme. Mtu mtazame mikono." Posa ya mpwa wake mwenyewe aliikataa kwa sababu mchumba alipokea kikombe cha maji kwa vidole viwili, kama anayeokota kitu kichafu. Yule bwana akaenda kuoa kwingine, akawa mume mwema sana, anasifiwa kila harusi. Kungwi alipoambiwa hivyo alijibu, "Mngojeni." Tulimngoja miaka ishirini, akafa akiwa mume mwema.

Basi mtu wa namna hii, mkali wa mambo ya ndoa, anayejua ukoo wa kila mtu na nani hawezi kumwoa nani, ndiye aliyependa sinema ya mapenzi ya haramu kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima. Mpaka leo jambo hili linanitekenya akili.

Sinema ilikuja kwetu kwa lori, miaka michache kabla ya vita vya pili. Mwenyewe alikuwa Mhindi mmoja mnene, mpole, tuliyemwita Bwana Sinema, naye alikuja na filamu moja tu kutoka kwao. Msimu ule wa kiangazi aliileta Kisarawe mara nne, na mara zote uwanja ulijaa. Kitambaa cha marekani kilitandazwa baina ya nguzo mbili chini ya boma. Wanaume walikaa mbele, nao walilipa. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya kitambaa, bure, kwa ajili ya stara, na picha tuliziona kwa kuwa kitambaa kilikuwa chepesi. Injini ya umeme nayo iliwekwa huku kwetu, wanaume wasisumbuliwe na kelele zake. Mbele alisimama karani mmoja mstaafu na bomba lake la bati, akawafasiria wanaume kwa Kiswahili kila lililosemwa. Huku nyuma, kwa ile injini, hatukusikia hata neno moja. Tuliona watu wakifungua vinywa.

Hapo ndipo Kungwi alipopata kazi mpya. Alikuja na mbuzi yake ya kukunia nazi, ileile ya kukunja, akaikalia katikati yetu. Ule ulimi wa chuma ulijitokeza mbele, kwa hiyo hakuna aliyembana. Akatufasiria.

Hadithi yenyewe, kwa fasiri yake, ilikuwa hivi. Zamani za kale palikuwa na mfalme mwenye ngome, na mfalme ana binti. Katika vita akamkamata mwana wa adui yake, akamtia chini ya ngome. Yule kijana anaimba usiku, binti anamsikia kwa juu, na mapenzi yanaingia hapo, ingawa damu imemwagika baina ya wazee wao na hawawezi kuoana mpaka mwisho wa dunia. Sasa kuna bibi mmoja mtu mzima, mlezi wa binti, anayelala mlangoni pake na ufunguo kiunoni. Usiku mmoja bibi huyo anashuka ngazi, anamkuta mwanamume aliyejifunika joho jeusi, anampa ufunguo. Halafu wale wawili wanakimbia, farasi wanakimbia, mto umejaa, na mwishoni tunaona farasi mmoja akitoka majini peke yake, hana mtu.

"Wamevuka," Kungwi alitangaza. "Wamepanda mtumbwi. Farasi wamemrudisha kwa mwenyewe, maana si wezi."

Tukapiga vigelegele. Hata wake za makarani, waliojifanya hawashangai kitu, walipiga vigelegele.

Aligombana na watu wa mle kitambaani kana kwamba ni wanawali wake. "Wewe binti, funika kichwa, upepo huo!" "Usimwamini huyo mwenye masharubu, mtazame anavyoshika upanga!" Lakini aliyempenda zaidi alikuwa yule bibi wa ufunguo. Alimwita kungwi mwenzangu. Mara ya tatu lori lilipokuja, alimfuata Bwana Sinema mchana akiwa na kanga mpya iliyokunjwa vizuri, akamwambia, "Hii mpelekee yule kungwi mwenzangu huko kwenu. Mwambie inatoka Kisarawe." Bwana Sinema aliipokea kwa mikono miwili. Nadhani ilimfaa mke wake. Mtu mmoja alipomcheka Kungwi kwamba anazipelekea picha zawadi, alijibu, "Najua ni picha. Kwani picha haina mwenyewe?"

Homa ya sinema ile haikumshika yeye peke yake. Watoto walipanda vijiti wakavuka madimbwi. Muuza kahawa aliimba nyimbo za mfungwa asizojua maana yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia anakosea, kwa kuwa hakuna aliyejua sawa ni ipi. Wasichana tulisuka nywele pembeni kama binti mfalme. Sheikh alionya mara mbili baada ya sala ya Ijumaa, lakini wapo waliosema walimwona mstari wa tatu, amejifunika shuka.

Tatizo lilikuja asubuhi, visimani na vibarazani, wanaume na wanawake walipoanza kuisimulia. Waume walisema yule bibi ni mshenzi, mchongezi, aliyempa ufunguo askari wa mfalme ili wale wawili wakamatwe. Wakasema wapenzi walikufa maji wote wawili. Wake wakawaambia wamelala usingizi, hawakuona kitu. Nyumba moja karibu na soko, mume na mke hawakusemeshana siku nne kwa ajili ya yule bibi. Hoja ya Kungwi ilikuwa nzito: watu wote katika sinema ile wanakula kwa mkono wa kushoto, wanatoa kwa kushoto, hawana adabu hata kidogo, bibi yule peke yake ndiye aliyetoa ufunguo kwa mkono wa kulia. "Mwenye kutoa kwa kulia anatoa kheri," alisema. "Hao wanaume wenu wametazama masharubu ya askari, hawakutazama mikono."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba yangu alikuwa na duka dogo, naye alimwita seremala kijana aweke madirisha mapya. Seremala huyo alikuwa Mlutheri, mtu wa familia za misheni, mwenye suruali fupi na penseli nyuma ya sikio. Siku ya pili alikuwa nje akipiga randa, mimi ndani nachambua mchele, na dirisha baina yetu halijawekwa. Akauliza bila kuinua uso:

"Nyinyi wanawake mliona sinema gani?"

"Ileile mliyoiona nyinyi."

"Ileile, na yule kizee mwema?"

"Mwema kuliko wote. Si alitoa kwa mkono wa kulia?"

"Kushoto, dada. Mimi nilikaa mstari wa mbele. Wote wanatumia kulia, yeye peke yake alitoa kwa kushoto. Hata karani hakuhitaji kufasiri, uwanja mzima uliguna."

Nilimwambia ana makengeza. Hakukasirika. Alichukua karatasi nyembamba aliyochora ua la kuchonga kwenye fremu, akainyoosha mbele ya jua, ua likalalia kulia. Kisha akaigeuza, nikaitazama kwa nyuma. Ua lilelile, sasa limelalia kushoto. Nikacheka kwa sauti iliyopita meno na kupita mlango, mpaka mama akaniita kutoka uani. Nilimpenda siku ile. Nimejaribu kutafuta siku nyingine yenye heshima zaidi, sijaipata.

Yale madirisha yalichukua muda mrefu kuliko madirisha yoyote yaliyowahi kuwekwa Kisarawe. Kila jioni alikuwa na bawaba ya kurekebisha. Tulizungumza juu ya ile sinema tu, wallahi, sinema tu, ila mtu angetusikia angejua hatuzungumzii sinema. Aliniomba nisimwambie Kungwi habari ya karatasi. "Mwache afurahi," alisema.

Kisha posa ikaja, lakini haikutoka kwake. Rafiki ya baba, mwanamume wa Gwata aliyefiwa na mkewe, mtu mwenye shamba kubwa na tabia njema, alileta wazee wake, na baba akatoa neno lake barazani kabla mimi sijajua wageni wamefuata nini. Mtu wa Gwata sina neno baya juu yake. Hakunikosea lolote, ila hakuwa yule niliyemtaka. Na niliyemtaka, baba yangu asingemruhusu hata kukaa kwenye mkeka wake. Jumatatu iliyofuata niliingizwa ndani, na Kungwi akaja na kijiko chake cha liwa, ule unga wa mti wa kunukia anaopakwa mwali, na mbuzi yake ya nazi.

Nilivumilia wiki tatu. Siku moja ananipaka liwa mgongoni nikamwambia yote. Mkono wake ukasimama.

"Mlutheri?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na seremala."

"Ndiyo, Bibi."

"Sijui ni lipi litakalomuua baba yako kwanza." Akaendelea kupaka, lakini polepole. "Unataka nifanye nini?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu langu siku nyingi. Nikamwambia, "Fanya kama kungwi mwenzako. Yeye naye alikuwa na mfalme, na alikuwa na ufunguo."

Nilimwambia hivyo huku najua. Niliijua karatasi, nililijua ua, nilijua kwamba kungwi mwenzake alikuwa msaliti. Nikanyamaza, kwa sababu yule bibi mwema ndiye aliyekuwa tegemeo langu pekee. Sikuona haya wakati ule. Haya imekuja baadaye, na haijaondoka.

Kungwi aliweka chini kijiko cha liwa. Nilimsikia baba akiuza mafuta ya taa dukani. Mwishowe akasema, "Nikifungua mlango huu, hakuna mzazi atakayenipa mwali tena. Kaka yangu hatanipa hata chumvi. Jambo kubwa hili. Lori liko Kibaha wiki hii, kwenye mashamba ya mkonge. Nitakwenda nikamtazame tena yule mwenzangu, anavyofanya."

Nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Utakaa wapi, Bibi?"

"Nitakaa panapokaliwa," alisema, akaondoka na mbuzi yake begani. Mama akabaki ananilinda.

Yaliyotokea Kibaha niliambiwa na seremala mwenyewe, maana alikuwa huko akitengeneza vitanda vya vibarua. Alimwona akifika alasiri, vumbi mpaka magotini, amesindikizwa na wanawake wawili. Sinema ilipoanza alikaa nyuma na wanawake wa kambi. Hakufasiri. Wenzake walimwuliza hili na lile, akawaambia watazame wenyewe. Alipoanza kuonekana yule bibi akishuka ngazi, Kungwi aliinuka, akaikunja mbuzi yake, akazunguka nguzo, akatokea upande wa wanaume.

Seremala anasema vibarua wale, watu wa kila kabila, waliotoka kukata mkonge mchana kutwa, waligeuka wote kumtazama. Mmoja akamwambia, "Mama, umepotea, wanawake wako nyuma."

"Sijapotea," Kungwi alijibu. "Nina kazi."

Akaikunjua mbuzi, akaketi mbele kabisa, mbele hata ya karani aliyefuatana na lori. Akainua uso. Bibi wa kitambaani akafika chini ya ngazi, akafungua ufunguo kiunoni, akautoa. Watu wote wakaguna kama kawaida yao. Kungwi hakuguna. Hakungoja farasi wala mto. Aliinuka, akapita katikati ya wanaume wote, na kulipokucha seremala alimwona kwenye njia ya Kisarawe, anakwenda upesi kuliko wale wanawake waliomsindikiza.

Nilisikia mbuzi ikiwekwa barazani. Alipoingia nilimtafuta usoni, sikuona kitu.

"Umemwona, Bibi?"

"Nimemwona."

"Hajambo?" nikauliza, kwa ujinga wa woga.

"Geuka nikupake liwa," alisema.

Tangu siku ile hakuitaja sinema tena. Lori liliporudi Kisarawe mara ya nne alikataa kwenda, na wanawake walikaa nyuma ya kitambaa kama yatima, kila mmoja anafasiri lake. Mimi nilibaki ndani, nangoja anipeleke kwa baba kwa sikio, au anifungulie mlango. Hakufanya hili wala lile.

Kila Ijumaa baba akitoka msikitini alisimama nje ya pazia na kuuliza, "Mwali wetu vipi, Kungwi?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Hajaiva. Anakaa kama mtu anayetaka kukimbia. Mikono yake bado mizito."

Ijumaa ikapita, ikaja nyingine. Alinifundisha masomo yale mara mbili, akanifundisha mara ya tatu. Nilijua kumpokea mkwe mguu wa kulia na wa kushoto, niliweza kuinuka na mtungi nikiwa usingizini. Akasema bado. Mbuzi wa harusi alinenepa, akazaa. Baba alifoka, akamleta sheikh, na sheikh akasema haya ni mambo ya wanawake, akaaga. Mjini wakanipa jina, Mwali wa Kuchacha. Niseme wazi kwamba nilimchukia. Niliamini ananifunga kwa sababu amejua nilimdanganya, na kila nilipolisikia lile "bado" lake niligeuza uso ukutani nikalia. Yeye akaendelea kukuna nazi.

Masika ilipokwisha, habari zikaja kwamba mtu wa Gwata amechoka, ameoa mwanamke wa Soga. Ijumaa iliyofuata baba alipita bila kuuliza. Kungwi akamwita mwenyewe kwa nyuma ya pazia.

"Baba fulani. Mwanao ameiva."

Ndivyo nilivyotolewa, kwa ngoma, kwa vigelegele, bila bwana harusi. Nadhani ni mimi peke yangu katika historia ya wilaya. Mama alicheka mpaka akalia. Seremala akaleta wazee miezi miwili baadaye. Alikuwa amesilimu kwa hiari yake, lakini mama yake alilia mwaka mzima, na sitaki kuandika hapa kana kwamba kilio kile hakikuwa kitu. Baba alikataa, akakataa tena. Mwishowe, kwa kuwa Mwali wa Kuchacha hakuwa na mchumba mwingine, alikubali huku anatazama pembeni.

Tulihamia upande wa Kibaha, si mbali na Maili Moja, mume wangu akafungua karakana. Binti yetu wa kwanza nilimpa lile jina la Kungwi nisiloliandika. Na kwa miaka ishirini niliisimulia hadithi hii kwa watoto, kwa majirani, kwa wateja waliokuja kuagiza makabati. Niliisimulia hivi: Kungwi aligundua kwamba kufungua mlango ni hatari, akatafuta njia ya busara zaidi, akaufunga mpaka mume asiyetakiwa achoke. Watu walimsifu sana. Wengine walisema wanawake wa namna hiyo hawazaliwi tena.

Siku zile watu wameanza kuzungumzia uhuru, binti yangu akaposwa. Kijana alikuwa mwalimu, mume wangu alimpenda, mimi pia. Nikaamua kwamba kungwi wake atakuwa yuleyule. Alikuwa amezeeka, amehamia Marui kwa mtoto wa kaka yake. Nilikwenda peke yangu kwanza, kwa lori, kisha kwa miguu kupita mashamba ya mihogo, nikamkuta nyuma ya nyumba anaanika makopa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwali wa Kuchacha huyu?"

Tukacheka. Alikuwa haoni vizuri, lakini ulimi ulikuwa uleule. Nilimweleza posa, nikamweleza kijana, halafu nikaanza kumshukuru. Nikamwambia jinsi ninavyomsimulia, na watu wanavyomsifu kwa akili yake ya kusema bado. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka chini kipande cha muhogo.

"Nani amekwambia hivyo?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe niliona."

"Hukuona." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Mwanangu, usinipambe. Mimi niliogopa."

Nikaketi chini kando ya makopa.

"Nilikwenda Kibaha nimeshaamua kukufungulia," alisema. "Nilitaka nimtazame mara moja tu, nipate nguvu. Halafu nikamwona alivyo. Na wewe ulijua alivyo, ndiyo maana uliniuliza nitakaa wapi."

"Nilijua, Bibi. Nisamehe."

"Nilikusamehe njiani, kabla ya kufika Kisarawe. Jambo si hilo. Nilirudi sina mtu wa kumfuata. Nikikufungulia, nimemsaliti baba yako. Nikimwambia baba yako, nimekusaliti wewe. Nilimwogopa Mungu, nilimwogopa kaka yangu, na nilikuogopa wewe unavyolia. Baba yako akaja Ijumaa, akauliza, nikasema bado. Nilikuwa namwambia ukweli. Mimi ndiye niliyekuwa bado. Kila Ijumaa nikasema nitajua Ijumaa ijayo. Wala sikujua kama yule wa Gwata atachoka. Angekuwa mvumilivu, ungeolewa naye."

"Lakini nimepata mume niliyemtaka," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto anayenyang'anywa kitu.

"Umempata. Alhamdulillahi. Hukumpata kwangu." Akarudi kwenye makopa yake. "Binti huyo usiniletee. Mtafutie mtu asiyeogopa."

Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, niseme kweli. Usiku nilimweleza mume wangu. Akasema mtu aliyekiri vile hajapata kumwona. Nilifikiri siku kadhaa. Makungwi wengine niliowajua, hakuna hata mmoja aliyeogopa kitu, walikuwa na majibu ya kila swali. Baada ya wiki mbili nilimchukua binti yangu, tukapanda lori kwenda Marui.

Kungwi alinguruma aliponiona, lakini alitukaribisha. Chumba kilikuwa kimefagiliwa na mkeka umetandikwa, kwa hiyo nadhani alikuwa anatutazamia. Alimketisha binti yangu, akajishikilia ukutani, akaketi mbele yake. Sikumsikia akianza na mikono.

"Mjukuu wangu," alisema, "kabla sijaufunga mlango huu, niambie. Huyo mwalimu, unamtaka?"

Swali hilo mimi sikuulizwa na mama, wala na baba, wala na yeye mwenyewe wakati ule. Na sasa ndipo nilipotambua kwamba na mimi sikuwa nimemwuliza mwanangu.

Binti yangu alinitazama mimi kwanza. Nikainuka, nikatoka nje, nikaenda kusimama mbali kwenye mihogo, ili ajibu.